Pezi la Gari la Mbao

2 Juni

Shikamoo mjomba,

Utashangaa kuuona mwandiko wangu, maana mara ya mwisho nilikuandikia nikiwa shule, nikikuomba viatu. Safari hii siombi cha kuvaa. Naomba akili yako.

Unayakumbuka mashindano ya magari ya mbao, yale ya karakana zote za mtaa wetu, kushuka mteremko mpaka darajani? Bado yapo, kila mwisho wa Agosti. Gari liwe la mbao, lisiwe na injini, dereva mmoja, basi. Mwaka juzi na mwaka jana niliendesha la karakana yetu, na mara zote mbili nilikula vumbi la Kijiti wa karakana ya juu. Kijiti hana lolote la ajabu. Ni mwembamba tu, upepo haumwoni.

Sasa wiki iliyopita, wakati wa chai, bosi alitamba mbele ya watu wote: "Msasa akimpita Kijiti, nampa meza yake mwenyewe." Watu wakacheka. Unajua kwa nini naitwa Msasa? Kwa sababu mwaka wa nne huu napiga msasa vitu walivyounda wengine. Kabati nalijua kuliko aliyelitengeneza, lakini sijawahi kuruhusiwa kupima ubao wala kuukata. Kwa hiyo mimi sikucheka. Nilimwambia arudie, akarudia, na sasa hawezi kuyameza maneno yake.

Gari letu ni sanduku. Mbele bapa, nyuma bapa, mimi nimeketi katikati kama mzigo. Magurudumu nimeyashughulikia mpaka yanazunguka yenyewe, uzito tumeongeza mpaka mwisho wa sheria. Kilichobaki ni upepo. Wewe umeunda boti maisha yako yote, na boti na gari vyote vinapasua kitu ili vipite. Nifundishe.

Mama usimwambie kwanza.

Mpwa wako,
Msasa


11 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba. Vile viatu nilikununulia vikakubana vidole, kwa hiyo vipimo vyangu usiviamini sana.

Barua yako nimeisoma nikiwa nimekaa ndani ya boti ambalo halijawekewa sakafu. Nilivyoiinamia wenzangu wakadhani nimepata habari za msiba. Kumbe ni furaha. Watoto wangu wa kuwazaa hawajawahi kuniuliza boti linaeleaje.

Sasa sikiliza. Watu wote wanadhani kazi iko kichwani. Wanachonga pua ikawa kali, wanaridhika, wanaenda kulala. Hewa ni ndugu yake maji. Haikatai kupasuliwa, inakataa kukatishwa ghafla. Mbele pawe mviringo, kama upande mnene wa yai, panatosha. Kazi kubwa iko nyuma. Ukimaliza gari kwa ubao bapa, hewa inajikunja nyuma yako na kukuvuta nguo. Mkia uurefushe, upungue polepole mpaka uishe wenyewe.

Halafu acha kuketi. Lala chali, miguu mbele, kichwa kiinuke kidogo tu uone njia. Magurudumu uyafunike kwa plaiwudi, yale matundu yake yanachapa hewa bure.

Na usiniamini mimi, ziamini nyuzi. Tafuta uzi wa sufu, kata vipande vya urefu wa kidole, vigandishe mwili mzima wa gari, kisha weka feni kubwa mbele yake. Uzi ukilala, hapo hewa imeridhika. Uzi ukichezacheza, rudi na randa. Sisi huku ndivyo tunavyofanya na matanga ya boti, wahandisi wakija na hesabu zao tunawapa chai.

Mteremko ule naujua kama chumba nilimozaliwa. Ungenipa kitambaa cha macho ningekushusha mpaka darajani.

Mama yako nitamnyamazia, lakini akijua, mimi simo.

Mjomba wako


25 Juni

Shikamoo mjomba,

Nyuzi zinasema kweli. Nilizitoa kwenye sweta kuukuu la mama. Siku ya kwanza gari zima lilikuwa linachezacheza, hata ubavuni nilikodhani nimemaliza. Sasa zinalala karibu zote. Nimebaki kuzunguka na randa nikinyoa hapa kidogo, pale kidogo, na mafundi wakubwa wanasimama kuangalia wakijifanya wanatafuta gundi.

Nalala chali kama ulivyosema. Mara ya kwanza kushuka nilisahau kupumua. Huoni barabara, unaiona mbingu na mstari mwembamba wa lami kati ya vidole vya miguu yako. Breki ninayo, ni kipande cha tairi chini ya kisigino, inafanya kazi lakini haina haraka.

Mwenzetu anayetupimia muda alitazama saa yake mara mbili. Sitakutajia kasi, utadhani natia chumvi.

Mama namwambia tunatengeneza meza ya kulia chakula.

Mpwa wako,
Msasa


28 Juni

Mdogo wangu,

Nilikuwa nashangaa kwa nini huniandikii siku hizi. Kumbe una mwenzio wa kuandikiana.

Juzi nilimpelekea mwanangu chakula karakanani. Nikamkuta kalala ndani ya kile kitu, macho juu, mikono kifuani, feni inampulizia, na nyuzi za sweta langu zimejaa kila mahali. Mdogo wangu, mimi nimewaosha maiti wengi wa mtaa huu, akiwemo baba wa huyu mtoto. Sikuhitaji kuelezwa nilichokuwa nakiona. Chakula nilikiweka juu ya vumbi la mbao nikarudi nyumbani.

Nimemkataza. Amenisikiliza kwa heshima zote, ameitikia ndiyo mama, na kesho yake ameenda. Ukali sina tena, wewe unanijua. Anayekusikiliza ni wewe. Sasa nisaidie. Mwandikie kwamba gari lina kasoro, mimi sijui kasoro gani, ninyi mafundi hamkosi neno. Mwambie mwaka huu asishiriki. Ni uongo, najua, lakini ni uongo wa kumwokoa.

Na mimi niandikie vilevile, kama ni kweli tupu. Barua zinazofika hapa nyumbani yeye ndiye anayezifungua, na hata nikizificha chini ya godoro anazitoa. Kwa hiyo usitaje popote kwamba nimekutuma. Ukitaka kuapa, apa. Usinikonyeze hata kidogo. Hii naipeleka posta kwa mkono wangu.

Ninaye mmoja tu. Wewe unao wanne.

Dada yako


7 Julai

Shikamoo dada,

Natumaini hujambo. Nimesikia kwamba mtoto anaendesha gari la mbao, nami nimemsaidia kwa ushauri, unisamehe kwa kukuficha. Sasa nimeona kosa ambalo sikuliona mwanzo, nalo linanitia wasiwasi wa kweli. Nimemwandikia yeye kwa kirefu. Mshike mkono mwaka huu asishuke.

Mdogo wako


7 Julai

Mpwa wangu,

Nimelala nikifikiria vile vifuniko vya magurudumu. Nilikosea kukushauri. Vinafungia joto ndani. Kwa kasi unayoisema, grisi itayeyuka, beringi zitakwama, na gurudumu likikwama ghafla ukiwa umelala chali, sina haja ya kukueleza.

Kuvitoa peke yake hakutoshi, maana ekseli tayari imeshachoka. Ushauri wangu ni uliache mwaka huu. Mwakani tutaanza upya pamoja, nitakuja mwenyewe na zana zangu.

Mjomba wako


17 Julai

Mjomba,

Nililipandisha gari juu ya matofali nikayazungusha magurudumu kwa drili, vifuniko vikiwa vimefungwa, mpaka wenye drili yao wakaja kuidai. Nikafungua. Nikaweka mkono kwenye beringi. Baridi. Grisi imekaa kama nilivyoipaka. Nikashuka mteremko mzima, nikarudia tena na tena, kila nikifika chini nafungua naweka mkono. Baridi. Ekseli nimeipima na rula ya chuma, haijachoka kokote.

Umenidanganya, mjomba. Sijui kwa nini. Kama umechoka kuniandikia ungesema. Kama ni mama kakuambia, sema pia. Nimekaa miaka minne nikipewa vitu vya kusugua, wewe ndiye wa kwanza kunipa kitu cha kufikiri, halafu wewe ndiye unanirudisha kwenye kusugua. Nimeumia, sitaficha.

Tatizo la kweli, kama ungetaka kunisaidia, ni kwamba huu mkia mrefu ukishika kasi unayumba. Gari linatikisa kiuno kabla ya kona. Napunguza kwa usukani na hapo ndipo Kijiti ananipita.

Lakini labda hilo nalo utasema niliache mwakani.

Msasa


26 Julai

Mpwa wangu mpenzi,

Ni kweli, nilikudanganya. Mama yako hahusiki, usimguse kwa hilo. Ni mimi mwenyewe, woga wa mtu mzima aliye mbali. Barua yako imenikalia kifuani wiki nzima, nimeshindwa hata kula na wenzangu. Nisamehe. Kuanzia leo sitakuambia neno lisilo la kweli, liwe la mbao au la upepo.

Na kwa kuwa nina deni la kukuomba radhi, nakupa kitu ambacho sijamfundisha mtu. Boti linalotikisa kiuno tunaliwekea pezi nyuma. Kwako liwe juu ya mkia, limesimama wima, refu kama mkono kuanzia kiwiko hadi ncha ya vidole, pana chini, jembamba juu. Usiogope ukubwa. Kadiri lilivyo kubwa ndivyo linavyoshika hewa na kunyoosha gari. Lichonge kutoka ubao mmoja, lisiwe la kuunga, na lizamishe kwenye mwili kwa ulimi na tundu kama mlango mzuri. Skrubu peke yake zisikudanganye.

Ukifanya hivyo, usukani utaugusa kwenye kona tu. Mahali pengine gari litajua njia lenyewe.

Niandikie hata kama bado umekasirika.

Mjomba wako


8 Agosti

Shikamoo mjomba,

Nilikuwa nimekasirika mpaka nilipolipandisha pezi. Sasa nimeshindwa kuendelea.

Nimelichonga kutoka mlango wa kabati uliokataliwa na mteja, mbao ngumu, nyuzinyuzi zake zimenyooka. Bosi alipita akasimama, akalisukuma kwa kidole, halikutingishika, akauliza nani amechonga ule ulimi. Nikamwambia mimi. Akatikisa kichwa polepole akaondoka, na kwa bosi hiyo ni sifa.

Gari limenyooka kama rula. Tunaruhusiwa kufanya mazoezi alfajiri tu, kabla malori hayajaanza, hewa ikiwa imetulia hata moshi wa jikoni unapanda wima. Jana nilishuka sambamba na Kijiti. Nilimwacha kabla ya kona na sikumwona tena mpaka darajani. Akaja ananicheka, eti gari langu ni samaki aliyesahau maji. Nikamwambia samaki huyu amekungoja hapa mpaka ameanza kukauka.

Mashindano yenyewe ni Jumamosi ya mwisho, alasiri, karakana zikishafungwa. Mjomba, hii meza naiona. Nimeshaichagulia mahali, karibu na dirisha.

Yale mengine yameisha. Nimekusamehe.

Mpwa wako,
Msasa


12 Agosti

Mdogo wangu,

Ahsante kwa kujaribu. Haikusaidia, mtoto ni wa baba yake, ukimwambia moto unaunguza anataka kuupima. Nimenyoosha mikono. Hata nimemshonea mto mdogo wa kuegemeza shingo, maana kama atalala kwenye kile kitu, basi alale vizuri. Ila usingizi mimi sipati, nakuambia wewe tu.

Juzi aliniita nikamwangalie bosi wake akimsifia mbele ya watu. Sijamwona na uso ule tangu akiwa mdogo. Nikajisikia vibaya kwa tulichofanya.

Huku hatujambo. Shida yetu ni upepo. Tangu wabomoe lile ghala la nafaka pale kwenye kona, alasiri hapakaliki. Unatoka bondeni unapiga moja kwa moja barabarani, umeng'oa mabati mawili ya jirani, na juzi umemwangusha mzee mmoja na baiskeli yake, kavunjika bega. Nguo naanika asubuhi tu. Wanasema watajenga kitu hapo, lakini unawajua.

Wasalimie watoto.

Dada yako


20 Agosti

Shikamoo dada,

Simu ya karakana yao nimeipiga tangu asubuhi, inaita tu. Posta siiamini kwa hili. Bahasha hii nimempa dereva wa lori la mbao anayepita kwenu, anaijua nyumba, ameniahidi kuifikisha kabla ya Jumamosi ya mashindano. Ndani yake kuna barua ya mtoto. Mpe mkononi, umsimamie mpaka amalize kuisoma.

Gari lina kasoro. Lile pezi la nyuma lazima likatwe. Kosa ni langu, nilimshauri bila kujua ghala limebomolewa. Dada, hili ni la kweli. Naapa kwa kaburi la mama yetu. Asishuke na lile pezi.

Mdogo wako


20 Agosti

Mpwa wangu,

Chukua msumeno ukate pezi, lote, mpaka usawa wa mwili. Ndipo uendelee kusoma.

Nilikufundisha kama mtu wa boti. Boti likipigwa na upepo ubavuni linateleza kidogo majini, halafu linajirudi. Gari halina pa kuteleza, magurudumu yameshika lami. Na nilikufundisha kwa mteremko niliouacha, wenye ghala refu pale kwenye kona, lililoziba upepo wote wa bondeni. Leo ndiyo nimejua halipo.

Mazoezi yako ni ya alfajiri, hakuna upepo. Mashindano ni alasiri. Ukiingia ile kona kwa kasi yako, upepo wa bondeni utalikuta lile pezi limesimama kama ubao wa mlango. Utausukuma mkia nje, pua itageuka ndani, na gari litabinuka ukiwa umelala chali. Usukani hautakusaidia, wala breki ile.

Bila pezi litatikisa kiuno. Acha litikise. Shika breki kabla ya kona, umwache Kijiti apite. Meza utaipata mwakani, nitakuja kumwomba bosi wako mimi mwenyewe, kwa magoti kama itabidi.

Najua nilikudanganya mara moja, na najua unavyoweza kunisoma sasa. Sina njia ya kukuthibitishia kwa mbali. Simama pale kwenye kona saa za alasiri, ushike ubao mpana mikononi, utanielewa.

Mjomba wako


30 Agosti

Mdogo wangu,

Lori liliharibika njiani, bahasha yako imefika leo asubuhi, siku yenyewe ya mashindano. Nakujibu haraka haraka maana nataka kuwahi.

Kwanza nikupe hongera, unajua kuandika. Nilipofika kwenye kaburi la mama nilisimama kidogo. Halafu nikakumbuka mwenyewe nilikuambia uapie unachotaka na usinikonyeze. Umenionea huruma kwa yale maneno yangu ya kukosa usingizi, ukaamua kujaribu tena bila kuombwa. Una roho nzuri, tangu utotoni.

Lakini ngoja nikueleze kilichotokea. Barua yake nilimpa kama ulivyosema, kabla mimi sijaitafakari yangu. Akaisoma akiwa amesimama. Akaenda uani lilipolala gari, nami nikamfuata, nikamkuta ameshika msumeno na meno yake yameshaingia kwenye lile pezi. Analia bila sauti, mdogo wangu, anakata huku analia. Akaniambia, "Mjomba aliapa hatanidanganya tena, kwa hiyo ni kweli." Amekuamini moja kwa moja. Hata huko kwenye kona hakwenda kupima.

Mimi nikashindwa. Nilimwangalia anavyoiharibu kazi ya mikono yake kwa sababu ya uongo wangu, nikaona mama gani mimi. Nikamshika mkono nikamwambia yote. Kwamba tangu ile barua ya magurudumu mimi ndiye niliyekutuma, kwamba na hii ni ileile kwa nguo nyingine, kwamba mjomba wake anampenda na anamsikiliza dada yake kupita kiasi. Nikamwambia pezi lake halina kasoro yoyote isipokuwa woga wa mama yake.

Nilidhani atanikasirikia. Akanikumbatia, mpaka vumbi la mbao likanijaa shingoni. Kisha akaziba ule mkato kwa gundi na vumbi la msasa, akaubana kwa jiriwa, akaupaka vanishi. Ukiuangalia huuoni. Anasema jioni, akishapewa meza yake, atakuandikia barua ndefu ya kukutania kuhusu jinsi ulivyoeleza habari za upepo.

Basi usijilaumu, wala usihangaike kutunga nyingine. Mimi sina hofu tena. Nimegundua hofu yangu ilikuwa ni kule kumficha, na sasa nimemwambia, nimekuwa mwepesi. Leo nitalala.

Wamekwisha kulisukuma gari kupanda juu, wenzake wote wa karakana wanaimba. Nami nimejifunga kitambaa kichwani, maana alasiri hii upepo umeamka na hasira. Naitia hii posta nikipita, halafu naenda kusimama kwenye kona. Ameniomba nisimame pale pale ghala lilipokuwa, anasema ndipo gari linapopita kwa kasi kuliko kote, na anataka nimwone.

Dada yako